Kunguru wa Skuli Mbili

Mimi ni bawabu. Kazi yangu ni kufungua lango la skuli moja ya Kizingo asubuhi, kulifunga watoto wakishaingia, na kulifungua tena mchana magari yanapowafuata. Lango lenyewe ni zito. Siku ya kwanza nilipolisukuma nilidhani naisukuma bara yote irudi Mariakani. Magari nayo ni hadithi peke yake. Mtoto mmoja wa kilo kumi na tano huletwa na gari la kutosha ng'ombe wanne, ndani mna mama, dereva, na kikapu cha chakula ambacho kwetu kingetosha arusi, na wageni wakabaki na cha kufunga.

Kwangu ni Majengo. Nimepanga chumba katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita na maoni kumi na manane. Nyumba ya pili yake, chumba cha mbele, ni nasari ya watoto wadogo, na mwenye nasari ile ni mwalimu wangu. Nasema mwalimu wangu kwa sababu ndiye aliyenifundisha skuli ya usiku, mimi na mvi zangu, hata nikaukalia mtihani wa kidato cha nne nyuma ya kijana mmoja aliyeniita babu mpaka alipotaka kuazima rula. Nilipata cheti. Nimekitundika ukutani, na mvua ikinyesha hukitoa kwanza mimi mwenyewe nikatoka baadaye.

Mwalimu wangu ni mtu wa kisiwani hasa, maneno yake yana ncha. Insha yangu ya kwanza niliandika juu ya ajali ya baiskeli mbili pale Mwembe Tayari. Alinirudishia na wino mwekundu chini: "Baiskeli mbili haziwezi kuua watu mia nne. Punguza." Nikapunguza nikaandika mia tatu. Tangu hapo ananijua.

Sasa, pale Kizingo kulikuwa na mwalimu mwengine, binti wa Mji wa Kale, wa zile nyumba za kina Maalim na kina Sharifu ambazo hata paka wao huamkiana kabla ya kupigana. Yeye alifundisha watoto wa miaka mitano nusu saa ya Kiswahili kila siku. Nusu saa tu. Siku moja alisimama nami langoni baada ya magari kuondoka, amekunja mikono kama mwenye baridi, na jua lile lilikuwa la kuivisha yai.

"Mzee," akaniambia, "hawa watoto Kiswahili wanacho. Lakini umewasikiliza?"

"Nawasikiliza kila siku. Husema 'fungua'."

"Ndiyo hilo. Fungua, leta, toa, ngoja, harakisha. Wanakijua kile wanachokisikia jikoni mama akisema na msaidizi. Hawajui kwamba Kiswahili chaweza kutumika bila kumtuma mtu."

Niliguna. Ni kweli, wala sikuwahi kulifikiri. Watoto wale walinipenda, walinipa biskuti zilizolowa mate, lakini kila neno walilonipa kwa lugha yangu lilikuwa amri. Mmoja, msichana wa nywele zilizofungwa mabutwe mawili, alikuwa hupita na kuniambia "Anko, lala" akimaanisha kuniaga.

Mwalimu akaendelea kunieleza lililomleta. Madamu, yaani mwalimu mkuu, alimwita ofisini. Alimwambia kwamba mwisho wa muhula wazazi watakuja, na watoto wale wasimame wenyewe wazungumze Kiswahili, si kuimba nyimbo walizokaririshwa, wazungumze. Wakishindwa, muhula ujao ile nusu saa itakuwa ya kuogelea.

"Kuogelea," nikasema. "Kisiwani."

"Mzee, usinichekeshe, nina hasira. Hilo ndilo somo langu pekee. Likiondoka, naondoka nalo."

Basi akanieleza alilolifikiri. Alitaka kupata skuli nyengine yenye watoto wa umri ule ule ambao Kiswahili kimewajaa, watunge hadithi moja pamoja, darasa hili litie kipande, lile lingine litie kipande, mpaka siku ya wazazi wakutane waisimulie yote. Mtoto, alisema, hujifunza maneno akiwa na mtu anayeyangojea.

Nikamwambia Majengo Kiswahili tunacho hata cha kugawa kwa majirani, na jioni ile nikaupeleka ujumbe kwa mwalimu wangu. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, ambalo ni jambo la nadra.

"Waambie nimekubali," akasema. "Wangu mimi wana maneno, masikio hawana. Kila mmoja ni msimuliaji, wa kusikiliza hakuna. Wakijua kuna watoto ng'ambo wanaongojea kipande chao, na wao watajifunza kungoja."

Masharti yakawa mawili. La kwanza lilikuwa la Kizingo: sauti za watoto zisirekodiwe, kwa sababu wazazi hawakutaka zizungushwe kwenye simu. La pili lilikuwa la mwalimu wangu: hadithi isiandikwe mpaka iishe, kwani ukiiandika mapema mtoto huiacha karatasini akaenda zake kucheza. Basi ilihitajika ibebwe kwa mdomo. Na kati ya Majengo na Kizingo, mdomo uliokuwa ukienda na kurudi kila siku juu ya baiskeli ulikuwa mmoja.

"Wewe?" mwalimu wangu akaniuliza.

"Nina cheti," nikasema.

"Najua unacho. Ndiyo maana nauliza."

Majengo wakaanza. Watoto ishirini na wawili juu ya mikeka, wote wakipiga kelele kwa pamoja, na kutoka katika kelele zile mwalimu wangu akachuja hadithi kama mtu achujaye tui. Kulikuwa na kunguru, mweusi mpaka kwenye mawazo. Alimwona mama mmoja afua nguo uani, na nguo zaingia chafu zatoka nyeupe. Kunguru akasema, kumbe siri ni ile sabuni. Akaiba kipande kizima akaruka nacho. Hapo wakaachia Kizingo waseme alikwenda wapi.

Kunguru wa Mombasa huiba sabuni kweli, mtu wa hapa haambiwi. Wangu mimi wamewahi kuniibia mche mzima wakarudi kuchukua na beseni.

Asubuhi nikafika Kizingo, mwalimu akanikaribisha darasani kabla ya kengele, nikakaa kwenye kiti kidogo mpaka magoti yakanifika masikioni. Nikawatazama wale watoto. Soksi nyeupe, nywele zimechanwa kwa mstari. Nikawaonea huruma. Nikajiambia, hawa ukiwapa hadithi yote itawapalia. Basi nikawakatia: "Kunguru ameiba sabuni. Ameruka. Amekwenda wapi?"

Wakanitazama. Mwalimu akawatazama. Mwisho yule wa mabutwe akanyosha kidole.

"Kunguru kwenda nyumbani."

"Vizuri sana. Halafu?"

"Kula mkate."

"Halafu?"

"Basi."

Hicho ndicho kipande nilichopewa nikipeleke. Maneno sita, na moja lilikuwa basi. Nikapanda baiskeli mchana ule nikiwa na maneno sita mdomoni, na nilipoyapita majengo ya serikali nikawaza: nitamwambia nini mvulana mmoja wa Majengo mwenye meno mawili yaliyong'oka, ambaye tangu jana hajalala akingoja kunguru? Watawacheka hawa wa Kizingo. Wakishawacheka, hawatawangojea tena, na yule mwalimu wa watu atakwenda na maji ya kuogelea.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Yangu ilikuwa ndefu, na kila nilipopiga pedeli kunguru alinenepa. Nilipofika Digo Road alikuwa keshaingia nyumba ya Kizingo yenye bafu saba. Penye sinia za wauza mabuyu alikuwa ameoga bafu zote saba, na maji ya mwisho yalitoka meusi yakawageuza samaki wote wa Likoni wakawa rangi ya wino. Nilipoingia Majengo alikuwa amekula mkate wa jemu mpaka hawezi kuruka, ikabidi arudishwe mjini kwa gari, dereva amevaa kofia, naye kiti cha nyuma amejifunga mkanda.

Watoto wa Majengo walinyamaza. Nasema walinyamaza, na Majengo haijanyamaza tangu iwekwe. Yule mvulana wa mapengo akavuta pumzi.

"Ami, watoto wale wajua hadithi."

"Wajua sana," nikasema.

Mwalimu wangu alikuwa mlangoni. Aliwangoja watoto watoke.

"Hadithi hii yanuka wewe," akaniambia.

"Mimi ni mbebaji tu, Mwalimu."

"Mtoto wa miaka mitano wa Kizingo amesema samaki wakawa rangi ya wino."

"Wana vitabu vingi kule."

Alinitazama kwa lile jicho lake la wino mwekundu, na mimi nikamwongopea mtu aliyenionyesha tofauti ya kikomo na mkato. Hilo lilinichoma, nakiri, lakini lilinichoma kidogo, kwa kuwa nilishaanza kufikiri kipande cha pili.

Ikawa hivyo muhula mzima, mara mbili kwa wiki. Kizingo nilikuwa napeleka uji mwepesi na Majengo napeleka biriani. Watoto wa Majengo, wakitaka wasishindwe na wenzao, walianza kufikiri kabla ya kusema. Walisikilizana. Msichana mmoja wa shuka la kichwa lenye maua alikuwa akimziba mdomo mwenzake kwa kiganja: "Ngoja, wa Kizingo hawaropoki." Mwalimu wangu alifurahi, ijapokuwa alikuwa akinitazama. Kizingo nako watoto walikuwa wakinikimbilia langoni kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri. "Anko, kunguru yuko wapi?" Hilo lilikuwa swali, tazama, halikuwa amri. Madereva wakawa wananiuliza nimewafanya nini hawa. Yule wa mabutwe alikuja siku moja akasema, kwa pumzi moja na bila kutumwa, "Leo mimi nimeota kunguru, akaogopa paka, mimi nikamficha." Nilitakiwa nimbebee ile ndoto yake vile vile ilivyo. Badala yake nilipofika Majengo paka alikuwa amekuwa paka arubaini wenye bendera.

Mwalimu wa Kizingo naye aliniuliza mara moja.

"Mzee, mbona wa Majengo hutuma vipande vifupi hivi? Nilidhani kule maneno yanamwagika."

"Wana haya," nikasema. Watoto wa Majengo, haya. Mungu anisamehe.

Siku ya wazazi basi la skuli lilikwenda kuwachukua wale ishirini na wawili. Walishuka wameoshwa mpaka wanang'aa, sare zimepigwa pasi, wavulana wamepakwa mafuta ya nazi mpaka nzi wakitua wanateleza. Wakawekwa ukumbini juu ya mikeka pamoja na wale wa Kizingo, mtoto wa huku, mtoto wa kule. Wazazi kwenye viti nyuma. Madamu mbele, pembeni, na daftari magotini. Mwalimu wangu amevaa buibui lake la Idi. Mimi nilisimama karibu na mlango, na hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo mtu mwenye cheti angelielewa wiki nyingi nyuma: kwamba sasa watasimulia wenyewe, mbele ya watu, na mimi sipo katikati.

Wa mapengo akaanza. Alisimulia vizuri, kunguru, mama, sabuni, mpaka wazazi wengine wakasogeza viti. Akamaliza akawageukia wenzake wa Kizingo kwa adabu kubwa, mkono kifuani.

Yule wa mabutwe akasimama. Sauti ilikuwa ndogo lakini imenyooka. "Kunguru akaenda nyumbani. Akala mkate."

Akakaa.

Watoto wa Majengo wakangoja. Mtoto wa shuka la maua akainama mbele. "Na bafu?"

"Bafu gani?"

"Bafu saba. Zile alizooga kunguru."

"Hatujasema bafu."

"Mulisema. Na samaki wakageuka wino."

"Samaki hatujasema."

Wakatazamana. Nyuma mzazi mmoja akakohoa. Mwalimu wa Kizingo alikuwa amesimama na karatasi mkononi, na uso wake ulifanya kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Madamu akaandika kitu. Mstari mmoja tu, lakini niliusikia.

"Kwani aliyesema ni nani?" akauliza wa mapengo.

Vichwa vyote vidogo, vya Majengo na vya Kizingo, vikageuka kwa pamoja kuja mlangoni. Wale wakubwa wakafuata. Sijapata kutazamwa hivyo, hata siku niliyofungia gari la Mkuu wa Wilaya nje.

"Ni Ami," akasema mmoja wa Majengo.

"Ni Anko," akasema mmoja wa Kizingo.

Mwalimu wangu hakuniokoa. Alisema neno moja, lile alilokuwa akiniambia ninaposhindwa kusoma sentensi. "Sema."

Nikasema. Niliwaambia kwamba hadithi za Kizingo nilizitia chumvi, na za Majengo nilizikata, na kwamba hakuna mwalimu aliyejua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimaliza jambo kwa sentensi moja. Mwalimu wa Kizingo hakunitazama. Aliiweka karatasi yake chini taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Nami ningali nimesimama pale, nikamsikia wa mapengo akiwaza kwa sauti. Kwake yeye mambo ya watu wazima yalikuwa yamekwisha, kulikuwa na jambo moja lililobaki ambalo halijafuata sheria. Wenzake walikuwa wameulizwa na hawakuwa na jibu. Na mtoto wa Pwani anajua kinachofuata mtu akiulizwa akakosa jibu, iwe kitendawili iwe kitu gani.

"Basi mumeshindwa," akawaambia wa Kizingo. "Tupeni mji."

"Mji wa nini?" akauliza wa mabutwe.

Wa shuka la maua akasogea karibu kumweleza, kwa subira ambayo mwanzo wa muhula hakuwa nayo. "Ukishindwa, watupa mji. Sisi twaenda, twatawala, twakula vyako vyote. Halafu twakwambia jibu."

"Vyote?"

"Vyote."

Wa mabutwe akafikiri. "Nimekupa Mombasa."

"Mombasa tuko sote. Toa wako."

"Kizingo."

Wa mapengo akasimama, akaupokea mji kwa mikono miwili. "Nimekwenda Kizingo," akasema. "Nimekula kuku mzima. Nimekula aiskrimu. Nimeoga bafu saba. Usiku nikalala kwenye kitanda cha mbwa, mbwa akalala chini."

Mvulana mmoja wa Kizingo, aliyekuwa muhula mzima hajasema kitu isipokuwa "toa", akainuka kwa magoti. "Mbwa wetu hana kitanda. Analala nje. Yeye anakoroma, baba anamtupia kiatu."

"Basi nimelala kwenye kiatu."

"Huwezi. Kiatu kinanuka."

"Mimi ni mfalme, nimeshapewa mji."

"Na bafu si saba," akasema wa mabutwe, amekasirika sasa, "ni mbili. Moja haina maji. Mama anabeba ndoo."

Wazazi wakaangua kicheko, na mama mmoja mwenye miwani juu ya kichwa akaishusha miwani machoni na kubaki nyuma yake. Lakini watoto hawakucheka. Walikuwa kwenye kesi. Mwengine wa Kizingo akasema kuku mzima haiwezekani, kwao kuku hugawanywa, paja ni la babu. Wa Majengo wakasema kwao pia paja ni la babu. Wakauliza babu yenu anaitwaje, analala wapi, ana meno mangapi. Wakajibiwa. Maneno yalikuwa yakivunjika na kuunganishwa hapo hapo, mmoja akikosa neno analitafuta kwa mikono na mwenzake anampa, "chandarua," "aa, chandarua," na wanaendelea. Mwalimu wa Kizingo alikuwa ameketi juu ya mkeka katikati yao bila kujua ameketi saa ngapi. Hakuna aliyeimba wimbo. Hakuna aliyemtuma mtu kitu.

Kisha wa mabutwe akasema, "Sasa na wewe nipe mji."

"Mimi sikushindwa," akasema wa mapengo.

"Umekula mji wangu wote. Nipe."

Wenzake wa Majengo wakamwambia ampe, ni haki. Akatoa Majengo, kwa shingo upande.

Akasimama wa mabutwe katikati ya ukumbi, mikono imetanuka kidogo. "Nimekwenda Majengo," akasema. "Nimekula mahamri. Nimekula mbaazi. Nimepanda juu ya nyumba, nimeona mama anafua. Mimi ni mweusi. Nikaona sabuni, nikasema, hii ni siri. Nikaiba. Nikaruka nayo, nikaenda nyumbani, nikala mkate. Lakini sabuni sikula. Nikampa mama yangu, kwa sababu mama yangu pia ni mweusi na yeye hataki kubadilika."

Hapo akakaa. Mwalimu wangu alichukua ncha ya buibui akajifuta jicho, kisha akalikunja lile buibui kana kwamba lilikuwa na doa.

Madamu alilifunga daftari. Ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa, naye hakuwa ameandika tena tangu ule mstari mmoja. Alipowashukuru wazazi alisema Kiswahili, kizuri hasa, na sisi wafanyakazi wa pale tulitazamana maana hatukuwahi kukisikia. Alimwambia mwalimu wa Kizingo, mbele ya watu, kwamba somo litabaki. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Bawabu nitamwona."

Aliniona. Ofisini mwake palikuwa na kipoza hewa cha kugandisha maiti. Alinisema kwa dakika tano ambazo mimi nilizihesabu kuwa miezi minane, akaniachia lango langu. Hilo halikuniuma. Lililoniuma lilikuwa nje, kwenye ukumbi wa kupitia, ambako mwalimu wa Kizingo alikuwa akiningoja.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo kabla.

"Kuwatilia chumvi nakuelewa, ndivyo ulivyo. Lakini mbona uliwakatia? Kila wiki Majengo waliwatumia karamu, wewe unawapa makombo."

"Niliwaonea huruma. Niliona hawataweza."

"Umewaona leo?"

"Nimewaona."

"Wangeweza tangu wiki ya kwanza, Mzee. Huruma yako ilikuwa karibu kunitoa mimi kazini, na wao imewanyima miezi mitatu ya hadithi." Halafu, kwa kuwa ni binti wa watu wastaarabu, akaniuliza kama nimekula.

Jioni nilimpitia mwalimu wangu. Alinimiminia kahawa, hakunisema hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Nilipoinuka kuondoka akasema tu, "Mia nne, mia tatu. Miaka yote hii." Nikamwomba radhi kwa uongo wa mlangoni. Akasema ameshasamehe, kisha akasema wale watoto wanataka hadithi ya pili, na kwamba yeye na mwenzake wa Kizingo wamekubaliana nani aibebe.

Nilidhani watachukua dereva wa basi.

Wakanichukua mimi, ila kwa sharti jipya, na sharti lenyewe ni la watoto. Sitoki darasani mpaka nimerudia kipande chote mbele yao, neno kwa neno, nao wanisahihishe. Majengo hivyo, Kizingo hivyo. Mwalimu wa Kizingo anasema wanajifunza zaidi kwa kunisahihisha mimi kuliko kwa kitabu chochote, na mimi ndiye bawabu pekee kisiwani anayefanyiwa mtihani kabla ya kupanda baiskeli.

Jana hadithi ilikuwa ya kaa aliyepoteza tundu lake. Nilikaa kwenye kiti changu kidogo, watoto wa Kizingo wamenizunguka, nikaanza kurudia. Kaa alitoka tunduni asubuhi. Sawa. Akatafuta chakula. Sawa. Aliporudi tundu halipo, akalia machozi, maji ya bahari yakapanda mpaka madirishani.

Wa mabutwe, ambaye siku hizi ana pengo na yeye, alinyosha kidole.

"Ami," akasema, "hatukusema madirisha. Tumesema alilia kidogo, halafu akauliza jirani."

"Alilia kidogo," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu akauliza jirani."

"Anza tena," akaniambia, akakaa vizuri kunisikiliza.